Dirisha la Kutazama Uwani Kwetu: Nilivyopinga Jengo la Orofa Sita Mji wa Kale, Mombasa

Karatasi ilibandikwa kwenye nguzo ya stima mkabala na duka la maziwa, na mie niliipita siku kumi nzima. Nguzo ile haikosi karatasi. Leo mganga wa kurudisha mpenzi, kesho chumba cha kupangisha Bombolulu, kesho kutwa mwalimu wa tuisheni. Siku ya kumi na moja mvua ilininyeshea nikajibanza pale, na kwa kukosa la kufanya nikaisoma. Ilikuwa notisi ya maombi ya kujenga. Kiwanja kilichotajwa kilikuwa cha nyumba ya jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Orofa sita ukihesabu ya chini, makazi na biashara, na mwenye pingamizi alipewa siku 14 kuliwasilisha kwa maandishi.

Zilibaki tatu.

Naandika haya kwa sababu tangu wakati ule watu wanne wamenijia na karatasi za namna hiyo mkononi, mmoja kutoka Lamu, na wote walikuwa wanakaribia kufanya makosa yangu yale yale. Ilikuwa Machi 2022, wiki mbili kabla ya Ramadhani. Mie ni mwalimu wa shule ya msingi, si wakili wala mchora ramani, na nilikuwa sijui hata tofauti ya ofisi ya mipango na ofisi ya ardhi.

Nyumba yetu iko Kibokoni, ndani ndani, mahali ambapo gari haliingii na mkokoteni huingia kwa kusali. Aliijenga babake bibi yangu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari imebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba kama treni: boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, basi chumba nacho hakivuki. Ukuta wa kaskazini ni mmoja kwa nyumba mbili. Upande huu ni wetu, upande ule wa jirani, na katikati hakuna hata nafasi ya kupitisha karatasi. Wazee walijenga hivyo kwa makusudi, kila nyumba ikiegemea mwenzake.

Katikati ya nyumba pana ua. Mama yangu, ambaye ana miaka themanini na kitu, maisha yake yote yako uwani. Huko ndiko anakochambua mchele, anakoota jua, anakokaa kichwa wazi na dera lake jepesi bila kufikiri nani anamwona. Niliposoma neno "sita" kwenye ile notisi sikufikiria historia wala utalii. Nilimfikiria Mama na kichwa chake.

Usiku ule niliandika barua ya kurasa tatu. Nilikuwa na hasira, na hasira huandika vizuri sana, niliposoma nilijisifu. Leo naiona ina makosa ya kutosha kufundishia darasa.

Niliandika kwamba Mji wa Kale wote uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Si kweli. Kilichoorodheshwa, mwaka 2011, ni Ngome ya Yesu, ile ya Wareno ya miaka ya 1593 hadi 1596. Mji unaoizunguka unahusika kama eneo la kuikinga ngome, na una ulinzi wake wa ndani ya nchi kama eneo la uhifadhi, lakini hiyo ni hoja nyingine na inataka maneno mengine. Lamu ndiyo iliyoorodheshwa mji mzima, mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka mmoja kabla yake. Tumezoea kuyasema haya kwa pamoja barazani mpaka yamechanganyika. Barazani hakuna anayekudai ushahidi. Wakili wa upande wa pili alilishika kosa hilo peke yake akalizungusha kikao kizima.

Pia niliandika kwamba jirani "ameshakula na wakubwa". Ushahidi wangu ulikuwa nini? Kwamba alikuwa na gari jipya. Na kama haitoshi, niliipiga picha barua ile nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, lenye watu mia mbili na zaidi. Siku tisa baadaye nikaletewa barua ya wakili inayonitaka nifute maneno na niombe radhi kwa maandishi, au nikutwe mahakamani kwa kashfa. Kujibu barua hiyo kulinigharimu shilingi 15,000 za wakili wangu, na radhi nikaiandika kwenye kundi lile lile, huku wanafunzi wangu wa zamani wakisoma. Yaani pesa yangu ya kwanza katika vita vya kuilinda nyumba haikuilinda nyumba. Ilinilinda mimi na ulimi wangu.

Kosa jingine lilikuwa la sahihi. Nilikusanya sahihi 46 chini ya barua moja, nikiona ni jeshi. Ofisini, barua moja yenye sahihi 46 ikasajiliwa kama pingamizi moja. Bi mmoja wa masjala aliniambia taratibu, kama anayemwelekeza mtoto: "Mwalimu, wangekuja sita, kila mtu na barua yake na sababu yake, ingekuwa sita." Basi mwenye kusoma haya, usikusanye majina. Kusanya barua. Mwenye duka aandike kuhusu njia ya mkokoteni, jirani wa nyuma aandike kuhusu shimo la karo na maji machafu, mwenye ukuta aandike kuhusu ukuta. Kila mtu apeleke yake, agongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala, na nakala ile asiiweke kwenye droo ya jikoni. Mie ya kwanza niliiweka huko na ikala mafuta.

Lakini barua ilifika siku ya 13, ikiwa na aibu zake zote, na hilo lilituokoa. Aliyepinga kwa wakati, hata kama amepinga vibaya, anahesabiwa kuwa mhusika. Aliyenyamaza akaja kusema vizuri baadaye ana kazi kubwa zaidi.

Nilipopoa nikatafuta ramani zenyewe. Hadi hapo nilikuwa napinga jengo ambalo sijaliona. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Niliandika ukurasa mmoja tu, nikitaja namba ya kiwanja na ile namba iliyokuwa kwenye notisi. Hiyo namba ndiyo ufunguo; bila namba utaambiwa "faili haionekani", na pengine kweli haionekani. Nakala zilipatikana wiki ya tatu ya Ramadhani, na nikazitandaza kwenye mkeka baada ya tarawehe nikaona mistari tu. Ni kama kumpa asiyejua Kiarabu khati ya kufi.

Hapo akaja mwana wa dadangu, anayesomea usanifu wa majengo. Aliziangalia kwa dakika tano akacheka.

"Khalati, hapa kuna dirisha."

"Dirisha lipo kila nyumba."

"Hili linatazama uwani kwenu. Na hili, na hili. Orofa tatu zenye madirisha yanayomtazama Nyanya."

Kumbe nilipokwenda ofisini mara ya kwanza nilisema, tena kwa kishindo, kwamba jengo litatuvunjia sitara. Afisa aliyenipokea hakunidharau. Aliuliza tu: "Hiyo sitara, Mwalimu, tuiandike wapi kwenye fomu?" Nilitoka nimenuna, nikasema hawa hawajui adabu za mji. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Fomu ina nafasi ya urefu, umbali, matumizi, maegesho, maji taka. Sitara haina kisanduku chake.

Basi kijana akaitafutia. Alipima ua wetu kwa utepe, akapima kuta zetu mpaka ukingo wa paa, akachora jengo la jirani kwa pembeni kama keki iliyokatwa, kisha akavuta mstari kutoka kila dirisha kuja chini. Kutoka orofa ya tatu mstari uligonga paa letu ukaishia hapo. Kutoka ya nne uliangukia nusu ya ua. Kutoka ya tano ua wote. Kutoka ya sita mpaka mlango wa choo. Karatasi moja, rangi mbili. Mama alipooneshwa alisema, "Sasa hata mie nimefahamu."

Mchoro ule ulifanya kazi kuliko kurasa zangu tatu. Nilikuja kuelewa kwamba wanaoamua hawawezi kuandika "mwalimu ana uchungu" kama sababu ya kukataa jengo. Wanaweza kuandika "madirisha ya orofa ya nne hadi ya sita upande wa kusini yanatazama moja kwa moja ndani ya ua wa jirani". Ukitaka mtu akusaidie, mpe sentensi anayoweza kuitia sahihi yake.

Kwa njia hiyo hiyo tukayapanga na mengine. Hatukusema tena jengo ni "baya" au "halifanani na utamaduni wetu". Tulipiga picha za njia yetu yote, nyumba kwa nyumba, tukaandika orofa ngapi kila moja: mbili, mbili, tatu, mbili, tatu. Sita ikajisema yenyewe. Kuhusu ukuta wa pamoja tukaeleza kwamba msingi wa nyumba hizi ni mfupi, na ukichimba kwa kina upande mmoja unauachia upande wa pili hewani. Na kwamba jiwe la matumbawe linapumua kwa chokaa, ukilipaka saruji unalifungia chumvi na unyevu ndani mpaka liliwe. Haya si mapya kwa fundi yeyote wa mji. Mapya yalikuwa kuyaandika.

Sasa niseme lile ambalo watu wa uhifadhi hatulipendi. Jirani yangu hakuwa shetani.

Kwenye mkutano wa mtaa, uliofanyika baada ya Iddi, alisimama akasema nyumba ile ina warithi kumi na mmoja, kwamba dari ya nyuma imeshaanguka, kwamba boriti tangu marufuku ya kukata miti ya 2018 hazipatikani kwa bei ya zamani, na kwamba hakuna anayewapa hata mfuko wa chokaa kuihifadhi hiyo historia tunayoipenda. "Jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar limeporomoka mwaka 2020 na ni la serikali," akasema. "Itakuwa nyumba ya babangu?" Nikakosa la kujibu. Mzee mmoja, tena wa upande wangu, akaongeza: "Nyinyi mnaopinga mna nyumba. Wanetu wanapanga Kisauni na Likoni, wanavuka daraja na feri kuja kuwazika wazee wao huku." Watu wakanyamaza.

Usiku ule nilifikiria kuacha. Nilichofanya ni kubadilisha ombi. Badala ya "jengo lisijengwe" tukaandika "jengo lijengwe kwa masharti haya", tukayaorodhesha. Waliotaka kukataa kabisa waliniita msaliti, na wawili hawajanisamehe mpaka leo. Lakini ombi la kukataa kabisa lilikuwa linamtaka mtu aache nyumba yake ianguke ili sisi tuione nzuri tukipita.

Uamuzi ulitoka: limekubaliwa, orofa tano badala ya sita, mlango wa kuchonga wa mbele uhifadhiwe. Hakuna aliyetuandikia. Mie nilipata habari kwa bahati kutoka kwa mwenye kibanda cha kupiga chapa, siku tisa baada ya tarehe ya barua. Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inampa asiyeridhika siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, na kutoka hapo mtu anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 zinahesabiwa tangu uamuzi, wala si tangu siku uliyoamka ukasikia. Tulipeleka rufaa siku ya 13, tena. Sijui nina nini na kumi na tatu. Ushauri wangu: ukishapeleka pingamizi, nenda ukaulize kila Jumatatu, kwa upole, na uandike tarehe na jibu ulilopewa kwenye daftari. Daftari langu la shilingi 60 lilisomwa kikaoni kama msahafu.

Kama mradi wenu una leseni ya NEMA, ile mamlaka ya serikali ya mazingira, kuna mlango mwingine, Baraza la Mazingira, wenye siku zake 60. Sisi hatukuupitia. Lakini ndio walioupitia watu wa Lamu kuhusu kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, na Juni 2019 baraza likafuta leseni, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nilikuwa nikiikumbuka hiyo kila nilipochoka.

Na kuchoka kulikuja. Rufaa ikiwa mezani, uchaguzi wa Agosti ukiwa umemeza akili za watu wote, tuliamshwa usiku na sululu za chuma. Wanachimba. Asubuhi nikapanda chumbani kwa Mama: ufa kutoka dirishani mpaka pembe ya dari, kidole changu kinaingia. Mkandarasi akasema ufa ni wa zamani, nyumba yenyewe mzee. Nami sikuwa na picha hata moja ya ukuta ule kabla. Miezi mitano ya kupiga picha nyumba za watu, na chumba cha mamangu sikukipiga!

Kilichotuokoa ni harusi. Mwaka 2019 tulimtolea bi harusi chumba kile, kesha likafanyika humo, na simu za wanawake wa nyumba hii zina picha zake kama mia: bi harusi na hina, bi harusi na mama, bi harusi peke yake, na nyuma yake ukuta mweupe pepepe usio na ufa. Simu huhifadhi tarehe ndani ya picha. Tulichagua tatu ambazo walioonekana waliridhia, nyingine tukawaziba nyuso. Mhandisi tuliyemlipa shilingi 20,000 akaziweka kwenye ripoti yake pamoja na picha za ufa. Kama una ukuta wa pamoja na mtu anayetaka kujenga, leo hii, kabla ya chai, piga picha kila ukuta na dari, weka gazeti la siku hiyo kwenye kona ya picha.

Ripoti ile ndiyo iliyosimamisha uchimbaji, na pia ndiyo iliyomleta mama yake jirani. Alikuja alasiri, peke yake, na sahani ya halua imefunikwa. Alikaa na Mama uwani saa mbili. Walicheza kibe pamoja hawa, walisoma chuo kimoja cha Qurani. Sikuambiwa walizungumza nini. Nilichosikia nikipeleka kahawa ni Bi Mkubwa yule akisema, "Hata mie sitaki wapangaji wangu wakuone wewe, mwanangu atanifahamu tu." Wiki ile ile mawakili wakaambiwa waandike sulhu.

Sulhu ilisajiliwa kwenye kamati ili isiwe ya maneno: orofa nne, na madirisha ya orofa ya nne upande wetu yaanzie futi sita kutoka sakafuni, yaingize mwanga bila kumpa mtu mwanya wa kuchungulia. Sitara, kumbe, ni futi sita. Ukuta utengenezwe kwa chokaa na fundi tutakayemkubali sisi, gharama juu yao. Rangi nyeupe, roshani ya mbao mbele.

Mlango haukupona. Ulikuwa kwenye masharti tangu uamuzi wa kwanza, umeandikwa na kupigwa muhuri, lakini usiku mmoja wa Septemba uling'olewa na fremu yake, na mpaka leo kila mtu anamnyooshea mwenzake. Nilikuwa nimeukazania sana ua wetu hata nikausahau mlango, ilhali ndio uliokuwa wa mtaa mzima. Tungeomba uondolewe mapema, uhifadhiwe mahali pa salama kwa orodha na picha, urudishwe jengo likiisha. Halikutupitikia.

Kwa wanaouliza pesa: wakili wa kashfa 15,000, wakili wa rufaa 40,000 baada ya kunihurumia, mhandisi 20,000, chapa na nakala na tuktuk karibu 12,000. Mpwa wangu hakutaka kitu ila biriani, nayo alikula mara nyingi. Miezi 14. Shinikizo la damu ambalo sikuwa nalo. Marafiki wawili wasionijibu salamu.

Jengo limeisha. Si zuri, si baya. Wapangaji wa orofa ya nne ni mume na mke walimu, na mke hunipa lifti ya Nyali mara moja moja. Fundi wa chokaa alifanya kazi safi, ufa hauonekani. Mama bado ana shuka aliyoifunga juu ya ua siku ile ya mchoro, kona kwa kona, kwa kamba ya nguo. Nimemwambia madirisha yako juu, hakuna anayeona. Nimempandisha mpwa kule juu akapunga mkono, Mama hakuuona mkono. Amesema sawa, amefahamu. Shuka ameifua, ameirudisha pale pale.